Nilimwita Mama Mkwe Mchawi, Kumbe ni Viroboto vya Paka

Nimekosa. Sitawapa jina langu, na anayenitambua anisitiri, maana hapa Kamina tunajuana. Nimechoka kulibeba hili peke yangu. Nimemharibia mtu maisha, na mtu mwenyewe ni mama aliyemzaa mume wangu!

Alikuja kwetu kutoka upande wa Malemba-Nkulu, baada ya watu wenye silaha kuingia kijijini kwao. Mjane, mkimya, viganja vigumu kwa jembe. Mume wangu alimpa chumba kidogo cha nyuma, chenye kitanda cha mbao. Mimi nilimkaribisha kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nauliza: wenzake wamefika na majeraha, yeye amepitaje porini peke yake bila hata mkwaruzo?

Mnaona nilivyokuwa? Nilianza kumshuku hata kabla hajafungua mzigo wake.

Muda si mrefu nikaanza kujikuna. Vipele vidogo vyekundu, vitatu vitatu kama mtu amevipanga, kwenye vifundo vya miguu na chini ya magoti. Kila kimoja na kitone katikati. Binti yangu Ngoie, ambaye analala kwenye godoro la chini, ndiye aliyeliwa zaidi. Alijikuna mpaka miguu ikatoa usaha.

Nikaichungulia miguu ya mama mkwe. Safi! Hata alama moja hana!

Basi nikapata jibu nililokuwa nalitaka. Kwa nini sisi tunaliwa na yeye haliwi? Tangu hapo sikupumua. Akipika sombe ya majani ya muhogo, nasubiri aonje yeye kwanza. Akimwita mtoto, nafika kabla ya mtoto. Asubuhi moja nikamkuta ameinama juu ya miguu ya Ngoie, anaiosha kwa maji ya majani aliyoyachemsha, huku ananong'ona Kiluba. Alikuwa anamwombea, masikini! Mimi nilisikia kingine.

"Mama, unafanya mutoto yangu nini?"

"Namunawisha tu, mwana. Anajikuna sana."

"Acha! Usimuguse tena!"

Aliondoa mkono polepole, akaufuta kwenye kitenge chake, akaenda kukaa chumbani.

Na dawa yangu mimi ilikuwa ipi? Naona aibu kuandika. Nilichota ule unga wa sumu tunaoutia kwenye magunia ya mahindi ili wadudu wasiyale, nikampaka mwanangu miguu yote, juu ya vidonda!

Siku hiyohiyo Ngoie akaanza kutapika. Mate yanamchuruzika, mwili unatetemeka. Na mimi, badala ya kuukumbuka unga wangu, nilitoka nje ya uzio nikapiga kelele:

"Bantu, mukuye! Mulozi anakula mutoto yangu!"

Mungu wangu, kwa nini hukunifunga mdomo! Watu walijaa. Mama mkwe alitoka kuangalia kuna nini, jiwe likampata begani. Hakulia. Alinitazama tu. Mume wangu alifika anakimbia kutoka kazini, akasimama mbele ya mama yake mikono imetanuka, kisha akampandisha pikipiki mpaka kwa wifi yangu, kule Base, nje ya mji. Mimi nikambeba Ngoie kwenda kituo cha afya.

Munganga, daktari wa pale, mama mmoja mkali, alimnusa mtoto miguu kabla hata sijamaliza kueleza.

"Umemupaka nini?"

"Dawa ya mahindi."

"Ku bidonda? Mama, weye njo unamuua mutoto!"

Walimvua nguo zote, wakamwosha kwa maji mengi na sabuni, munganga akamtundikia maji na kumchoma sindano. Tulikesha. Kulipokucha aliomba uji.

Munganga akarudi kuviangalia vile vipele.

"Muko na imbwa ao paka ku nyumba?"

"Iko paka. Nilimuleta juu ya kukamata panya."

"Tangu wakati gani?"

Nikahesabu siku. Paka nilimleta mwenyewe, wiki ileile aliyofika mama mkwe! Na usiku paka analala wapi? Kwenye godoro la Ngoie.

"Ni biroboto," alisema. "Binaruka kutoka chini, njo maana binauma ku miguu. Kama ingekuwa ule upele wa kuambukizana, mungejikuna katikati ya bidole na ku mikono."

Bado nilibisha! Nikamuuliza mbona bibi hana alama.

"Analala wapi?"

"Juu ya kitanda. Anafunga mulango, hapendi paka."

"Basi. Na hata bingemuuma, hapana kila muntu anavimba."

Alitupa vidonge vya kupunguza mwasho na dawa ya vile vidonda vya usaha. Vipele vingine, alisema, ni kuosha kwa sabuni, kuweka kitambaa cha maji baridi na kumkata mtoto kucha asijichune. Dawa ya wadudu isiguse ngozi kamwe. Paka tulimpeleka kwa mganga wa mifugo, akapewa dawa ya paka. Mashuka tukayachemsha, godoro tukalianika juani, tukafagia kila kona, tena na tena, kwa sababu mayai hubaki yakaangua baadaye. Mwasho ukaisha. Ni rahisi hivyo!

Nilikwenda Base, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mwana, miye nimekusamehe," alisema. "Lakini kule kwenu sitarudia."

Mume wangu humtembelea kila Jumapili. Haniombi niandamane naye.

Nimepita nyumba kwa nyumba nikisema nilikosea, ilikuwa ni viroboto. Jirani aliyerusha jiwe alicheka. "Biroboto? Ule mulozi amekufunga mudomo na weye." Siku hizi nikipita, anawaita watoto wake waingie ndani.

Ndugu zangu, mkianza kujikuna, pindueni godoro. Mchambueni mnyama wenu manyoya. Mpelekeni mtoto kwa munganga, msimpake sumu! Na ulimi ukianza kuwasha mnataka kutaja mtu, uumeni mpaka utoke damu. Mimi sikuuuma.