Pindo la Vidole Vinne

Harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye unyevu hunirudisha Mabatini, mtaa wetu wa utotoni, popote nilipo. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na kibaraza chetu kilikuwa duka lake, ghala lake na mahali pangu pa kufanyia kazi za shule. Hesabu za kuzidisha nilizikariri nikiwa nimekalia gunia la mabaki ya vitambaa.

Magunia yenyewe yalikuwa matatu, na ole wako uyachanganye. La kwanza lilikuwa la vipande vikubwa, ambavyo mama alivitolea kaptula za watoto. La pili la vipande vya mifuko, kola na viraka. La tatu la vijipande visivyofaa hata kiraka, na hivyo vilijaziwa mito. Hakuna kilichofagiliwa pale kikaenda jalalani kabla mama hajakiinamia na kukikagua. Mimi niliona aibu, niseme ukweli. Wenzangu walilalia mito ya sponji, mimi nililalia masalia ya nguo za mtaa mzima.

Lakini kilichompa mama jina ni pindo. Kila sketi ya shule aliyoishona aliipinda kwa ndani vidole vinne: vitatu vya kukulia na kimoja cha kubaki pindo. Kila Januari msichana alirudi, mama akafumua, akateremsha kidole kimoja na kupinda upya. Pale palipokuwa pamekunjwa palibaki mstari wa rangi isiyopauka, kwa hiyo ungeweza kuhesabu mistari ya sketi ukajua mwenyewe yuko kidato cha ngapi. Wavulana walihesabu kwa sauti, tena kwa furaha.

Mwaka ule mimi na rafiki yangu Neema tulikuwa tunaingia kidato cha kwanza, shule moja. Neema alilelewa na bibi yake, aliyekuwa akianika na kuuza dagaa Mwaloni, kule Kirumba. Bibi alikuja na kitambaa cha bluu amekikunja kwenye gazeti, harufu ya dagaa imetangulia mbele yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho yakiwa kwa mama.

“Mama Shija, kitambaa ndiyo hiki, hakuna kingine. Hii sketi ikimfupikia, mtoto ataacha shule, atakuja tuanike wote dagaa.”

“Haitamfupikia,” mama alisema. “Mpaka amalize.”

Mama alikata sketi mbili, ya Neema kwa kitambaa cha bibi yake na yangu kwa kitambaa chetu, akaziunga kwa cherehani. Siku iliyofuata akaenda Pasiansi kumpima bibi harusi, akaniachia kazi ya kupinda kwa mkono. Neema akaja kunipigia stori. Alipoona lile pindo nene akasononeka.

“Shija, we si fundi? Litoe bwana. Tuwe kama wale wanaonunua dukani.”

Kuitwa fundi kulinilewesha. Nilichukua mkasi wa mama, ambao kwa kawaida sikuruhusiwa hata kuuhamisha mezani, nikakata vidole vitatu kuzunguka sketi nzima ya Neema. Nikapinda kidole kimoja kilichobaki, kwa mishono midogo mizuri. Neema aliivaa akazunguka kibarazani, na kwa kweli alipendeza. Nikapanga ya kwangu niifanye baadaye. Halafu nikautazama ule utepe mrefu wa bluu uliolala sakafuni. Mama angeuona tu kwenye gunia la kwanza au la pili. Basi nikaukata vipande vidogo vidogo, nikavizika katikati ya gunia la tatu.

Jioni mama aliweka mkaa kwenye pasi, akaitandika sketi ya Neema mezani. Vidole vyake vilifika chini vikasimama. Aliweka pasi pembeni, akaenda moja kwa moja kwenye gunia la tatu, akaingiza mkono na kutoka na bluu kiganjani. Nilijiandaa kwa fimbo. Haikuja.

“Bibi yake Neema alisema nini hapa?”

Nikarudia maneno yale, neno kwa neno. Kadiri nilivyoyatamka ndivyo yalivyokuwa mazito, mpaka nikafika kwenye dagaa.

Mama akavuta sketi yangu, akaichukulia mkasi.

“Mama, hiyo yangu!”

“Najua ni ya nani.”

Akakata vidole vitatu, akaviunga kwenye sketi ya Neema, akapinda kwa ndani kama ilivyotakiwa kuwa. Nililia kwa hasira. Niliamini mama anampenda mtoto wa mwenzake kuliko mimi, na kwa wiki nzima nilimjibu kwa kichwa tu.

Sketi yangu ilinifupikia mapema mwaka uliofuata. Mama alizama kwenye gunia la pili, akatoa vipande vya bluu tatu zisizolingana, akaniungia ukanda chini. Mwaka mwingine akaniongezea mwingine, na kiunoni akaniwekea pembetatu mbili zilizotoka sijui kwenye suruali ya nani. Wavulana walishindwa kuhesabu, wakaacha. Sketi ya Neema iliteremka kidole baada ya kidole, na Januari ya kidato cha nne alikuja na bibi yake kufumua cha mwisho. Bibi alikaa kwenye gunia akatazama sindano ikizunguka.

Sasa nasimamia chumba cha ukataji kwenye kiwanda kidogo cha sare hapa Mwanza. Tunaitwa kwenye semina kufundishwa kupunguza mabaki, nami nakaa nyuma nikiandika. Mwanzoni nilipokuwa nikisimulia kisa hiki nilikiita adhabu. Kisha nami nikapata watoto, nikaanza kuwashonea sare, na siku moja nikiwa na mkasi mkononi nikaona hesabu aliyoipiga mama jioni ile kwa muda mfupi kuliko pasi kupoa. Sketi mbili, kitambaa cha kumtosha mmoja tu hadi mwisho. Mimi nikiishiwa nguo, nilikuwa na mama mwenye cherehani. Neema alikuwa na kile kitambaa tu.