Maji ya Udhu na Mshubiri wa Mama

Siku niliyoletwa Bagamoyo nikiwa bi harusi naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu wenzangu huja na masanduku, mimi nilikuja nimepakata chungu. Ndani mlikuwa na mshubiri wa marehemu mama yangu, majani yake manene yamejipanga duara. Mama tulikuwa tumemzika kijijini kwetu Mkange muda si mrefu, na sikuwa na kitu chake kingine.

Mavyaa wangu, mama yake mume wangu, alikipokea kile chungu kwa mikono miwili. Akakiweka ndani, karibu na birika tunapotawadha, na kila wakati wa sala akaumiminia mshubiri maji ya udhu yaliyobaki.

"Upate baraka," akasema.

Alikuwa na huruma mno, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Mume wangu alikuwa bara na msafara wa pembe za ndovu, ningemwambia nani? Bi harusi mgeni amfundishe mavyaa wake! Majani yakalegea, yakageuka rangi, nami nikawa nalia jikoni nikisingizia moshi.

Asubuhi moja jani likaning'okea mkononi. Hofu ya kuupoteza ikashinda haya, nikaenda kupiga magoti mbele ya mavyaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Mshubiri hautaki maji mengi, mama. Unaoza. Niwie radhi."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka ukaya wake wa kichwani ukamdondoka. "Ala! Kumbe naumwagia baraka mpaka unakufa, nawe umekaa kimya tu? Na mimi nikikulisha chakula kinachokudhuru, utakula kwa adabu?"

Moyo wangu ukatua, mwanangu, ukatua kabisa. Tukaung'oa pamoja, tukakata mizizi iliyooza, tukauning'iniza juu ya mlango mpaka kidonda kikakauka. Kisha tukaupanda kwenye mchanga uliochanganywa na vigae, tukauweka dirishani penye mwanga. Ulipotoa jani jipya katikati, aliyepiga vigelegele ni yeye.

Chipukizi hiki unachokwenda nacho kwa mumeo huko Kiwangwa ni cha mshubiri ule ule. Usiupe maji mpaka mchanga ukauke, wala usiyamimine katikati ya majani. Na watu wa huko wakikukosea kwa wema wao, waambie mapema, kwa sauti ya upole. Usikae ukilia jikoni kama mimi. Nenda, Mungu akuhifadhi, akujaalie na mavyaa anayejua kucheka.