Giza Tulilogombania Karungu

Taa ya kwanza iliwashwa saa moja na dakika tano jioni, kwenye maji ya ghuba ya Karungu, chini kidogo ya mahali nilipokuwa nimeelekeza darubini. Nilidhani ni mtu mmoja anayetafuta kitu mtumbwini. Kufikia saa moja na robo zilikuwa nyingi mno kuhesabu. Zilielea kwa safu, nyeupe kabisa, na anga iliyokuwa juu yake ikageuka rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.

Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka wa 1997. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, fundi wa redio mjini Migori. Elimu ya nyota nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vikuukuu nilivyonunua Kisumu. Darubini niliiunda kwa bomba la plastiki na lenzi, na kwa miaka kadhaa niliitumia uani, nyuma ya duka langu. Kisha kituo cha petroli kikajengwa ng'ambo ya barabara, na taa zake zikawa zinawaka hadi asubuhi. Jirani yangu mwenye duka la jumla naye akaweka taa kubwa ukutani kwa sababu ya wezi. Sikuweza kumlaumu, wezi walipungua kweli. Lakini nyota hafifu zilitoweka, nami nikabaki na zile ambazo hata mlevi huziona akirudi nyumbani.

Mwaka huo ilipita nyota yenye mkia. Magazeti yalisema haitarudi kwa maelfu ya miaka. Kutoka uani kwangu ilikuwa doa tu, na mkia haukuonekana. Mimi nilitaka mkia. Nilitaka kuupima na kuuchora kabla nyota hiyo haijapotea kwenye mwanga wa jua, jambo ambalo lingetokea baada ya wiki chache. Nilijaribu Kosele, alikoolewa dada yangu. Giza lilikuwepo la kutosha, lakini miti ilifunika upande wa magharibi. Nilihitaji mahali penye giza na upeo ulio wazi, na ziwa lina vyote viwili.

Nilikwenda Karungu kukagua wakati mwezi ulikuwa mpevu, kwa kuwa nilisafiri kwa baiskeli katika barabara nisiyoijua. Wanaume walikuwa wameketi ufuoni wakishona nyavu kwa mwanga wa mwezi. Ziwani hapakuwa na taa hata moja. Niliridhika. Mjane mmoja, mwenye mashua tatu, alinikodisha pembe ya uwanja wake kwa miezi mitatu, na hapo nikajenga nguzo ya saruji iliyofika kifuani, maana darubini ikitetemeka haina faida.

Jioni ile ya taa nilimwendea nyumbani kwake.

"Mama, hizi taa ni za nini?"

"Za kuvulia omena, dagaa wetu. Kwani huko Migori mnadhani omena inazaliwa sokoni?"

"Nilipokuja mara ya kwanza hazikuwepo."

"Ulikuja na mwezi. Mwezi ikiwa kubwa omena haifuati taa, kwa hivyo watu wanakaa wanashona nyavu. Giza ikirudi, tunarudi kazini."

"Hukuniambia."

"Omera, ndugu yangu, uliniuliza kama kuna wezi, na kama kuna siafu. Uliniuliza taa?"

Ni kweli nilikuwa nimeuliza hayo mawili. Jedwali la mwezi lilikuwa mfukoni mwangu, na usiku wote niliouwekea alama kuwa mzuri kwangu ulikuwa mzuri kwao pia. Nilimwomba mashua zake zichelewe hadi saa mbili unusu, nyota ikishatua.

"Nina watoto wawili shule ya bweni," alisema. "Hiyo nyota yako inalipa karo?"

Na hata angekubali, ghuba ilikuwa na wenye mashua wengine. Sikuendelea.

Usiku wa pili mvua ilinyesha. Wa tatu ulifunikwa na mawingu. Siku ya nne anga ilikuwa safi, lakini hilali ilikuwa imeshaonekana, na baada ya siku chache mwanga wa mwezi ungefuta mkia hata pasipokuwa na taa. Mjane alinikuta nikiifuta lenzi.

"Kama ni giza unataka, iko mbele ya taa," alisema. "Enda na mashua yangu. Lakini hakuna abiria humo. Utatoa maji."

Darubini niliiacha juu ya nguzo. Isingetulia mashuani, na bomba lake lingewazuia wavuvi kupita. Nilipewa mkebe, nikaketi chini na kuanza kuchota maji. Wavuvi walizishusha taa zao juu ya maelea ya mbao, wakaziacha hapo, kisha wakapiga makasia kuelekea magharibi ili wazizunguke nyavu za jirani. Taa zikawa mgongoni kwetu. Niliinua kichwa saa mbili kasoro dakika kumi.

"Japuonj," nahodha aliniita, kwa neno la Kijaluo la mwalimu, "iko wapi?"

Nilimwonyesha.

"Hiyo? Hiyo ndiyo umejengea nguzo?"

Wenzake walicheka sana. "Chota maji, japuonj," mwingine alisema. "Nyota haizami, sisi ndio tutazama."

Nilichota kwa mkono mmoja. Mwingine niliunyoosha mbele na kupima mkia kwa ngumi: ngumi moja na zaidi ya nusu, ukipinda kidogo upande wa kulia. Ulikuwa hafifu lakini haukuwa na shaka. Nyota ilitua saa mbili na dakika ishirini na tano. Baada ya hapo nilichota maji hadi alfajiri, kwa sababu mashua hairudi kabla ya samaki.

Asubuhi nilichora mkia, nikafungasha. Kodi haikurudishwa. Mjane alinipa omena kavu kwa kazi ya mkebe, nami nikaiuza Migori. Nguzo ilibaki pale. Wanafunga kwayo kamba ya kuanikia nyavu. Kodi ilikuwa shilingi elfu moja na mia mbili, saruji mia tisa, na omena ilinipatia mia moja na themanini. Hasara yangu ilikuwa shilingi elfu moja mia tisa na ishirini.