Nilifunika ndege wa muzee, nikamwacha mama abebe lawama

Kosa ni langu. Naanzia hapo, maana nikianzia mahali pengine nitajikuta nimeshaanza kujitetea, na kujitetea ninakujua sana.

Mimi ni mwanamke wa hapa Kamina. Shule yangu iliishia katikati ya sekondari, kwa hiyo mtanisamehe nitakapoandika vibaya. Nimeolewa katika familia ya watu wa reli. Baba mkwe wangu, ambaye sote tulimwita muzee, alifanya kazi kwenye gari la moshi mpaka akapumzishwa. Alipopumzishwa akaanza kufuga kanari, wale ndege wadogo wa manjano wanaoimba. Jozi ya kwanza aliachiwa na mwenzake wa kazini aliyehamia Lubumbashi.

Ndege wakawa wa nyumba nzima. Mume wangu alitengeneza vizimba kwa mbao na waya. Watoto walitafuta pamba na majani makavu laini ya viota. Mimi nilichemsha mayai, kwa sababu kanari mwenye makinda anataka yai lililopondwa vizuri. Na mama mkwe wangu njo, yaani ndiye, aliyelichanganya na mkate mkavu na kuwapelekea. Ilikuwa kazi yake ya asubuhi. Akitokea tu barazani na kibakuli chake, kabla hajasema neno, madume wote wanaanza kuimba kwa pamoja, mpaka jirani anauliza kama tuna harusi.

"Wananisalimia minyi," mama alikuwa akisema.

"Hapana," muzee anamjibu kutoka kwenye kiti chake, "banasalimia yai."

Walicheka hivyo miaka yote niliyoishi nao.

Muzee aliugua wakati wa baridi ya kiangazi. Kifua. Tukampeleka hospitali, mama akalala huko naye. Siku aliyokufa, mchana, nilikuwa ninapepeta unga nikamwona mama anaingia peke yake.

"Mama, muzee umemwacha na nani?"

"Amenituma. Anasema: wende uangalie ndege, ule jike iko na batoto. Anasema atalala kidogo."

Akaponda yai, akawapa, ndege wakamwimbia kama kawaida yao. Akachukua nguo safi ya muzee, akatoka. Alipofika hospitali alikuta muzee ameshakwenda.

Hapa lazima niseme sawasawa. Mimi sikumsikia muzee akimtuma. Nilisikia kwa mama tu. Lakini katika miaka yote niliyoishi naye, uongo kinywani mwa mama sijausikia hata wa kumnyamazisha mtoto.

Kilio kikaanza. Watu wakajaa uwanjani, wanaume nje kwenye moto, wanawake ndani na mama. Kwetu mjane anakaa kwenye mkeka. Hainuki kufanya kazi, hatembei nyumbani mwake kuangalia hiki na kile, mpaka ndugu za marehemu wamalize kilio. Kila kitu anauliza kwa mtu, na anachoambiwa njo anachokijua.

Vizimba vilikuwa barazani, palepale waliposimama watu wa kanisa kuimba. Na kanari ni hivyo: ukipandisha sauti, naye anapandisha. Walipoanza wimbo wa pili, ndege wakawashinda. Mama mmoja wa kwaya akageuka, akasema polepole:

"Na hawa, ni ba chorale gani?"

Mabega ya watu yakatikisika. Watu walicheka, jeneza liko pale. Huyo mama simlaumu. Ni mtu mwema, alituletea maharagwe na kuni bila kuombwa, na neno lake lilikuwa la kupunguza uzito tu. Lakini mimi nilipata joto la haya mwili mzima. Niliona watu wa kanisa, niliona wageni waliotoka Bukama, nikasema moyoni: watakwenda kusema kwetu kilio ni sherehe.

Hakuna aliyenituma. Nilibeba vizimba kimoja kimoja, nikavipeleka katika depo nyuma ya jikoni, chumba kisicho na dirisha. Niliweka chakula na maji. Kisha nikavifunika na mablanketi, yale mazito. Wakanyamaza papo hapo, nami nikapumua.

Nilisema ni mpaka mazishi. Mazishi yakapita, watu wakabaki, na kwaya ikawa inarudi kila jioni. Nikaacha mablanketi.

Je, nilijua? Hili nimejiuliza mpaka nimechoka. Muzee alishaniambia, siku moja nilipotaka kuwafunika mapema kwa ajili ya upepo: "Mwanangu, ndege mudogo kwa giza haikule. Hata ikikalia chakula, haikione." Kwa hiyo nilijua. Lakini nilikuwa na masufuria ya bukari, ugali wetu, ya watu wengi, vyombo, watoto, na kila nilipoingia depo nilipitisha mkono chini ya blanketi na kuongeza maji bila kulifunua. Labda sikutaka kuona. Sijui. Nasema nilijua, ili nisikosee kwa kujipendelea.

Mama aliniuliza kutoka kwenye mkeka.

"Ndege banakula?"

"Banakula, mama."

"Juu ya nini sibasikii?"

"Bamechoka na makelele ya bantu, mama. Bamepumzika."

Aliitikia kwa kichwa. Aliniamini.

Lakini hakuwa mama peke yake aliyesikiliza. Mle chumbani alikuwamo shangazi, dada mkubwa wa muzee. Mama yao alikufa mapema, kwa hiyo huyu shangazi alimbeba muzee mgongoni kabla yeye mwenyewe hajawa mtu mzima. Namheshimu. Uchungu wake ulikuwa wa mama aliyezika mtoto. Aliinua kichwa, akawaambia wanawake:

"Munasikia nini?"

Wakamwangalia.

"Minyi sisikie kitu. Ndege ya ndugu yangu iliimbaka kila asubuhi huyu mwanamuke akiingia. Leo ndugu yangu amekufa, zote zinafunga kinywa. Kuko neno humu ndani."

Kisha akamgeukia mama.

"Siku ile ulitoka lopitali kwenda wapi?"

"Alinituma," mama akasema. "Alinituma kwa ndege."

"Nani alisikia?"

Kweli hakuna aliyesikia.

"Kama yeye njo alikutuma kwa ndege yake, ndege zingekuimbia. Si zinakujua? Amekasirika. Alikuita, hukukuwa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la bukari mikononi. Depo lilikuwa hatua chache nyuma yangu. Neno lilikuwa fupi: shangazi, ni mimi niliyewafunika. Basi. Mtoto mdogo angeweza kulisema.

Sikulisema. Niliona aibu mbele ya wanawake wale, kwa sababu wangeniuliza: na mbona ulimwambia mama wanakula na kupumzika? Nikafanya hesabu ya kijinga. Nikasema, nitakwenda kimya kimya kutoa mablanketi, ndege wataimba, wote watasikia, na maneno ya shangazi yataanguka yenyewe bila mimi kufungua kinywa. Niliweka beseni chini, nikaenda.

Makinda yalikuwa yamelala bapa katika kiota. Jike lilikuwa juu yao, mabawa limeyafungua kidogo, limekuwa gumu. Madume walikuwa chini, juu ya mbegu nilizowawekea. Mmoja tu alikuwa bado anapumua. Nilimshika mkononi, nikamtia tone la maji mdomoni. Likatoka.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hapa njo kuna kosa lenyewe. Kufunika ndege, labda Mungu ataliita ujinga. Nilikunja mablanketi. Niliyapeleka chumbani kwangu, nikayaweka chini ya mengine. Nilirudi nikafungua mlango wa depo wote, mwanga uingie. Kisha njo nikamwita mume wangu.

Watu wakaja. Shangazi alifika akasimama mbele ya vizimba. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi. Amechukua ndege zake. Hakumwachia mwanamuke huyu."

Habari ikafika mkekani kabla yangu. Nilimkuta mama ameketi, macho makavu. Nilitegemea alie, lakini alikuwa anatafuta. Alikuwa anatafuta kosa lake, mbele ya watu wote, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Nilikawia," akasema. "Njiani nilisimama kusalimia bantu. Mutu mumoja aliniuliza habari ya muzee, nikamweleza. Nisingesimama. Ningekwenda tu mbio... Labda aliniita kweli."

Wanawake wakatazamana. Mpaka hapo wengine walikuwa wanamhurumia, lakini sasa alikuwa amejihukumu kwa kinywa chake. Nami nilikuwapo, na bado nikanyamaza.

Hakuna aliyemfukuza. Nataka hili lieleweke, nisiwabebeshe watu wasichokifanya. Shangazi hakusema "toka". Lakini kilio kilipokwisha, kaka yake mama alitoka Kinkondja kuja kumwona, na mama akasema ataenda naye akakae kidogo. Alifunga nguo zake, akaniachia vyombo. Alipanda treni ya Bukama. Hakurudi.

Nilikaa na jambo hili mpaka likaanza kunila. Sikuweza kuchemsha yai. Watoto walikuwa wakiniuliza kama muzee ametukasirikia sisi pia, na mimi nawaambia wakacheze. Siku moja mume wangu alikuwa anavunja vizimba apate mbao za banda la kuku. Nikamwambia yote, nimesimama hapo kando. Aliweka nyundo chini.

"Na shangazi alipokuwa anasema, weye ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

Hakunipiga, hakunitukana. Alikaa juu ya mbao zile. Halafu akasema, "Utamwambia mama mwenyewe. Sitakusemea."

Tulikwenda mpaka Bukama, tukashuka na mtumbwi wa injini mpaka Kinkondja. Tulimkuta mama na mke wa kaka yake wanageuza samaki juu ya moshi. Amekonda. Nilipiga magoti pale kwenye majivu na kumwambia, tangu wimbo wa pili wa kwaya mpaka kukunja mablanketi. Sikuruka kitu.

Alinisikiliza na samaki mkononi.

"Ilikuwa blanketi?"

"Blanketi, mama. Ni mimi nililiweka."

"Si muzee."

"Si muzee, mama. Ndege hawakuona chakula."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akaniambia nianze pale nilipowafunika, nikaanza pale. Mara ya tatu aliketi chini na kulia, kilio ambacho kwenye kilio chenyewe hakukilia. Mke wa kaka yake alimshika bega. Alipomaliza, alijifuta na kanga, akaniambia, "Wafwako," kama unavyomshukuru mtu aliyekuletea kitu. Afadhali angenitemea mate.

Mume wangu akamwomba arudi nyumbani.

"Kamina nitafanya nini, mwanangu?" akamjibu. "Kila mwanamuke aliyekuwa mule chumba ameshapeleka neno kwake. Muke wako atapita nyumba kwa nyumba na blanketi yake?"

Akainuka kugeuza samaki, maana upande mmoja ulikuwa unaungua.

Na shangazi nilikwenda kwake pia. Nilimweleza kila kitu. Alinitazama bila hasira, na macho yake ya uzee, akasema, "Na weye, nani alikutuma kufunika? Unafikiri ulijituma? Hata hiyo ni yeye." Nilirudia, nikaapa. Akanipigapiga mkono, akaniambia nisijitese kwa kumtetea mama mkwe, nina moyo mzuri. Siwezi kumwita mbishi. Alishika kile nilichompa siku ile, na alikishika akiwa anaumia. Sasa mkono hauwezi kufunguka.

Ninyi mnaosoma, kama kuna mtu anahukumiwa mbele yako na wewe unajua neno la kumtoa, liseme ukiwa na beseni mikononi, liseme vibaya, liseme ukitetemeka, lakini lisemwe mbele ya watu walewale na kabla hawajatawanyika. Usingoje upate njia ya kulisema bila aibu. Mimi neno langu nimelisema lote, kwa kila aliyehusika, na halikurudisha mtu.

Jambo moja nimelibakiza, na nilifikiri nisiliandike. Mama alipoondoka, ndugu walikaa wakaona nyumba isibaki bila mwenyewe, wakatupatia sisi. Sikufunika ndege kwa ajili ya nyumba, sikunyamaza kwa ajili ya nyumba, Mungu anajua. Lakini ni mimi ninayelala katika chumba chake.