Mistari Aliyoiruka Maduhu

Kosa alilofanyiwa Mbuke ni hili: mdogo wake wa tumbo moja alimsomea barua na akaruka mistari. Aliiruka makusudi, akijua dada yake hajui hata a. Na kama Mbuke hajui a, ni kwa sababu ya huyohuyo. Maduhu alipozaliwa, baba yao alisema mtoto wa kike abaki nyumbani ambebe mdogo wake, mama apate kwenda shamba. Mbuke akambeba. Maduhu alipofikia umri wa shule, Mbuke akalima pamba, na pamba ile ikanunua sare na madaftari. Macho yaliyomdanganya aliyalimia mwenyewe kwa jembe la mkono.

Maduhu alikuja kiangazi, nyumbani kwa dada yake nje kidogo ya Mwadui, akiwa ameshika mkono wa mtoto wa kike. Mtoto alibeba mfuko wa salfeti uliofungwa kwa kamba.

"Dada, huyu ni wa mwenzangu tuliyekuwa naye duarani, kwenye shimo la dhahabu, kule Nyarugusu," alisema. "Baba yake kafukiwa na kifusi. Mama yake, Ghati, alikuwa akiponda mawe, naye kafa kwa kifua. Hana mtu. Na wewe huna mtu."

Hilo la pili lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Mumewe alimwacha kwa kutozaa, na tangu hapo hakuna aliyemwita mama fulani. Majirani walimwita Mbuke, kama mtoto.

Maduhu akaketi kwenye kigoda, akatoa barua ya ustawi wa jamii, akaisoma kidole kikifuata maneno. "Limi. Miaka minane. Yatima. Afya njema. Hana usumbufu." Baadaye Mbuke alikumbuka kwamba kidole kile kilishuka haraka mno, kama mtu anayevuka mtaro. Siku ile hakukumbuka lolote. Aliweka dole gumba alipoonyeshwa, na mtoto akamkimbilia, akamkumbatia kiunoni, akasema, "Mama."

Mbuke alilia. Hata jina lilimfurahisha, maana Limi lilikuwa jina la marehemu mama yao. Akasema moyoni, akina Limi wako wengi.

Mwezi wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili, panya wakaingia nyumbani. Mbuke alipoinua godoro la mtoto alikuta michembe, vile vipande vya viazi vikavu alivyokuwa akiuza gulioni, imepangwa kama vigae. Kwenye mfuko wa daftari alikuta ugali wa juzi ulioota ukungu. Kwenye pindo la sketi, karanga.

"Kwangu unalala njaa?" alimuuliza.

"Hapana, mama."

"Sasa unamwibia nani?"

Mbuke akamchapa. Mtoto hakulia, alitazama ukutani mpaka fimbo ikachoka. Kesho yake michembe ikahamia nyuma ya mtungi.

Kulikuwa na mengine. Mbuke akijifunga kanga ya kutokea, Limi alikimbilia mfuko wake wa salfeti na kuketi nao kizingitini. Na neno lile mama, aliloliona lake peke yake, alisikia mtoto akimpa muuza dagaa, akampa mgeni aliyeomba maji ya kunywa, akampa hata Suzana wa jirani, ambaye hampendi mtoto wala mbuzi.

"Mwangaluka, Mama Limi," Suzana humwamkia asubuhi, akilivuta jina hilo kama anavuta ng'ombe mgonjwa. "Leo hesabu ya michembe imetimia?"

"Hesabu watoto wako, Suzana. Juzi mmoja ulimsahau kisimani."

Shule zilipofungwa, Mbuke aliona labda mtoto hajafurahishwa vya kutosha. Jumapili akachinja jogoo. Limi alipoona manyoya, aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mchuzi ulipoanza kunukia, Mbuke akagundua chumvi imekwisha, akaenda kwa Suzana. Aliporudi, Suzana nyuma yake, sufuria ilikuwa imejaa majivu mpaka juu, na Limi amesimama pembeni, mikono myeupe.

"Nilisema mimi," alisema Suzana. "Mtoto wa machimboni ni kama paka wa sokoni. Umpe maziwa, yeye anawaza jalala."

"Nilikuja kwako kuomba chumvi, Suzana. Maneno sikuomba."

Lakini alimpiga. Alimpiga kuliko siku zote, na alipochoka akatamka, "Kesho nakurudisha ulikotoka."

Kwa mara ya kwanza Limi alilia. Ilikuwa sauti ya chini, kama ya mtu aliyeijua habari hiyo zamani.

Asubuhi Mbuke aliichukua ile barua, akaenda nayo nyumbani kwa mwalimu Aneth, anayefundisha darasa la Limi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisomee hapa, nijue mtoto anarudishwa kwa nani. Mimi amenishinda."

Aneth alisoma kimya, akarudi juu, akasoma tena. "Mama, hii ulisomewa na nani?"

"Na mdogo wangu."

"Alikusomea yote?"

"Soma," alisema Mbuke. Aneth akasoma kwa sauti, polepole. Mtoto amekaa katika nyumba tatu ndani ya miaka miwili, Nyarugusu, Kahama na Ushirombo, na zote zimemrudisha. Anaficha chakula na anaogopa kuachwa. Asipigwe. Aambiwe mapema juu ya kila safari. Mama yake, Ghati, amefariki. Baba mzazi yuko hai, ni Maduhu Ngusa, mkazi wa Ushirombo, na ameomba mtoto alelewe na dada yake.

"Rudia hapo kwenye baba," alisema Mbuke.

Aneth akarudia. Jina halikubadilika, na neno yatima halikuwamo.

Basi alikuwa amempiga binti wa ndugu yake. Alikuwa amempiga mtoto aliyepewa jina la mama yake, kwa kosa ambalo karatasi ilishalieleza, na karatasi yenyewe ilikuwa imelala kwenye sanduku lake, chini ya vitenge. Alirudi nyumbani akitembea upande wa jua bila kujua.

Limi alikuwa kizingitini, viatu miguuni, mfuko wa salfeti mapajani.

"Anko anafika saa ngapi?" aliuliza.

"Anko yupi?"

"Anko Maduhu. Wa kunihamisha."

"Nani kamwita?"

Mtoto alimtazama kama anayetazama mtu mzima asiyejua mambo madogo. "Si ulichinja kuku? Mama wa Kahama alichinja. Mama wa Ushirombo alichinja, akaniwekea na firigisi. Nikala. Kulipokucha, anko kafika. Jana nikasema, huyu asipolika, anko haji."

Mbuke alikaa chini palepale. Aliwaelewa wale wanawake, na hilo ndilo lililomuuma. Kwao mgeni haagwi kwa mlenda. Mtoto asiondoke na njaa, watu wasije wakasema. Hata yeye angechinja. Walidhani wanampa heshima, kumbe walimfundisha kuogopa nyama.

"Hakuna anayekuja," alisema. "Ile kauli ya jana naifuta."

Limi hakuufungua mfuko. Alimsogelea tu, nafasi ya kiganja.

Jioni Mbuke alimpigia Maduhu simu.

"Dada, nilitaka wewe upate mtoto na mtoto apate mama," alisema Maduhu. "Hapo ubaya uko wapi?"

"Ubaya uko kwenye mistari uliyoiruka. Umenifanya nimpige mwanao nikidhani ni mwizi."

"Taratibu, mke wangu yupo karibu. Hajui. Akijua, nyumba yangu inavunjika."

"Ya Limi imevunjika mara tatu. Njoo umwambie wewe ni nani."

"Nitakuja tukimaliza kuvuna mpunga."

Mpunga umevunwa, umekobolewa, umeliwa. Ulipandwa mwingine, nao umevunwa. Limi bado anaficha michembe, ila sasa Mbuke amempa kikapu chake chenye kifuniko, na kila jioni wanakijaza pamoja. Akiondoka kwenda gulioni humwambia tangu jana yake, na humwachia kanga yake ya pili aikalie. Mfuko wa salfeti uko chini ya kitanda, na kamba yake haijafunguliwa.

Suzana humwambia asamehe, ndugu ni ndugu. Mbuke humjibu kwamba kusamehe atasamehe mtu akifika. Maduhu anadaiwa kuja kuketi kwenye kigoda kile kile, mbele ya mtoto, na kuisoma barua upya, kidole juu ya kila neno, mpaka afike kwenye jina lake mwenyewe, alitamke.

Mbuke naye anadaiwa, na hajifichi. Anayemdai ni Limi, kwa fimbo zote zile. Deni lake ni kuku mmoja, aliwe mpaka mifupa, na kulipokucha mtoto awe bado yuko palepale. Ameshamfuga, jogoo mwekundu, na kila Jumapili humtazama Limi usoni kwanza. Jogoo bado hajachinjwa.