Muwa Shavuni mwa Atupele

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu: siku dada yangu Atupele alipouma hindi la kuchoma, na jino lake likabaki kwenye hindi. Alilitazama, akalifunga katika pindo la nguo yake, kisha akaendelea kupepeta mpunga kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nilikuwa nimeketi naye, nikaona. Aliniomba kwa macho ninyamaze.

Ilikuwa enzi za Mjerumani. Sisi tulizaliwa mwambaoni mwa ziwa, kwa wafinyanzi wa vyungu, lakini Atupele alikuwa ameolewa Ngonga, kwa kijana mkulima aliyeitwa Gwamaka. Nilikwenda kwao kuwasaidia mavuno, kwa maana dada alikuwa ametoka kuugua homa kali. Homa ilipoondoka ilimwachia jambo ambalo hatukulijua. Kinywa kilikauka. Si kiu ninayoisema, mwanangu. Mwenye kiu akinywa hutulia. Yeye alikunywa, na kabla hajaweka kibuyu chini ulimi ulikuwa umeshagandamana na kaakaa. Ndizi za kupika hazikushuka bila mchuzi mwingi. Na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kanisa letu la mianzi. Akaacha, kwa kuwa sauti ilimkatikia katikati ya ubeti.

Gwamaka alimpenda mkewe. Nataka ulishike hilo, kwa sababu katika habari hii hakuna mtu mbaya. Alimkatia miwa ya kando ya kijito, akaimenya, akaikata vipande vidogo. Alipanda mpaka Busale kumtafutia asali. Kipande cha muwa kikawa hakitoki shavuni mwa Atupele. Alilala nacho, akaamka nacho. Mtu mmoja akamshauri kuwa limau huleta mate, basi akawa ananyonya na malimau. Na kweli mate yalikuja kidogo, akafarijika, nasi tukashukuru. Lakini meno yake, pale yanapokutana na ufizi, yalianza kuwa ya kahawia, halafu meusi. Bandubandu huisha gogo.

Baada ya jino lile la kwanza, shavu likavimba. Akashindwa kufungua kinywa, homa ikarudi. Hapo nikavunja ule ukimya nilioombwa, nikamweleza Gwamaka habari ya jino. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alipatwa na hofu, na hofu ikamtafutia mkosaji. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba mate ya Atupele yameibwa kwa uchawi, wakimtaja mjane mmoja jirani aliyewahi kugombana naye kwa ajili ya mfereji wa maji. Gwamaka akasema asubuhi ile ile atakwenda kumshtaki kwa mkuu wa kijiji. Nawe unajua, neno kama hilo likishatoka mbele za watu halirudi. Mjane yule angehama, au angepatwa na mabaya zaidi.

Kabla hajatoka, akafika bibi yake, mama wa baba yake, ambaye nilikuwa nimemtumia salamu aje kumwona mgonjwa. Hakuketi. Alimgeuza Atupele kwenye mwanga wa mlango, akamfungua kinywa taratibu kwa kidole, akatazama sana. Kisha akauliza mgonjwa anakula nini kutwa. Nikamwonyesha ungo wa miwa na kibuyu cha asali.

"Mume wangu," akamwambia mjukuu wake, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu, ila siku hiyo hapakuwa na utani. "Unamlisha mkeo kitu kinachomla. Mate yake yalikwenda na homa, yule mama jirani hana habari. Mate ndiyo yanayoosha meno kutwa kucha. Yakikauka, utamu unakaa pale pale ulipouweka, unaozesha. Na limau linachubua."

Gwamaka akainama. Akasema polepole, "Lakini bibi, akikosa muwa analia."

Yule mzee akafungua kinywa chake mwenyewe. Kilikuwa fizi tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Nami nililia," akasema, "wakaninyamazisha kwa asali."

Gwamaka aliubeba ule ungo, akaenda kuwamwagia ng'ombe miwa yote. Kisha akamwita mhunzi mwenye koleo ndogo. Magego mawili yaling'olewa, usaha ukatoka, na nadhani Gwamaka aliyekuwa amemshika kichwa mkewe alilia kuliko yeye. Uvimbe ulishuka.

Kuanzia hapo tulimtunza kwa maagizo ya bibi. Maji matupu, funda dogo dogo, hata kama hana kiu. Maziwa pamoja na chakula. Maji ya chumvi kidogo ya kusukutua kila alipokula, mswaki wa mti wa kutafuna taratibu mpaka mate yaje yenyewe, na samli ya kupaka midomo iliyopasuka. Siku za mwanzo alinung'unika sana, akaniita katili. Mate yalirudi polepole, si yote. Meno yaliyobaki yalibaki.

Gwamaka alikwenda kwa yule mjane, akampigia magoti, akamweleza alichotaka kumtendea. Mama yule akamwuliza dada anaendeleaje. Na Jumapili moja ya masika Atupele akasimama akaanzisha wimbo. Pengo lilimpigia mluzi kwenye kila neno. Watoto wakacheka, yeye akacheka nao, bila kufunika kinywa, akaendelea na ubeti wa pili.

Basi mwanangu, kinywa chako kikikauka, kwa homa, kwa dawa kali au kwa uzee, usikimbilie kitamu wala kichachu cha kukaa nacho mdomoni. Kunywa maji. Safisha meno yako kuliko mwenye mate mengi, kwa sababu wewe huna wa kukusaidia kuyaosha. Mwonyeshe mganga mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukimhurumia mgonjwa, huruma yako iwe na macho: mtazame kile unachompa kinamfanya nini, kabla hujamtafuta mchawi.

Mungu akujalie kutafuna chakula chako mwenyewe hata mvi zikujae, na wakupendao wasichoke kukuuliza umekula nini. Ndaga, yaani asante kwa kunisikiliza, mwanangu. Nenda kwa amani.