Taa Hafifu za Landrova

Mke wangu ndiye aliyeuona mkokoteni. Tulikuwa tunarudi Tabora kutoka shambani kwetu Goweko, jua limeshazama lakini mbingu bado ina wekundu, na mbele yetu ng'ombe wawili walikuwa wakivuta mkokoteni uliojaa tumbaku. Mke wangu akaita jina la Mungu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata kanisani. Nikakata usukani, Landrova ikaingia kwenye mahindi ya watu, ikazimika.

"Hukuuona?" akaniuliza, mkono bado umeng'ang'ania dashibodi. "Mimi nimeuona tangu kule kwenye kalavati."

Nikashuka nikamtukana mwenye mkokoteni. Nilimwambia kwamba mtu anayetembeza ng'ombe barabarani jioni, bila hata kipande cha bati cha kung'aa nyuma, hana tofauti na ng'ombe wake, ila ng'ombe wana aibu. Yule bwana alinitazama tu, akaendelea na safari yake. Kisha nikazigeukia taa za gari, nikazitukana nazo.

Jumapili iliyofuata binti yetu akaja. Ni muuguzi, na huzungumza na kila mtu kama na mgonjwa aliyelazwa. Akasema, "Baba, naomba ufunguo ukae kwangu kwanza. Twende ukapimwe macho." Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi nilikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na kitu. Mipaka kutoka Urambo mpaka Kaliua niliisoma kwa darubini, jicho moja, jua la utosini, na hakuna mpaka wangu uliowahi kurudiwa. Macho hayo hayo ndiyo yaliyomsomesha huo uuguzi. Nikamwambia ubovu uko kwenye taa, na taa zikishatengenezwa sitaki kusikia tena habari ya ufunguo.

Mke wangu akadakia, "Na zikishatengenezwa, ukawa bado huoni?"

"Hapo nitautoa mwenyewe," nikasema. Nilisema kwa dharau, kama mtu anayeahidi kula kofia yake ya chuma akijua hatalazimika.

Nilianza kwa upumbavu wa kuingia dukani. Muuza vipuri, kidude cha muziki kimoja sikioni, hakuniuliza gari la mwaka gani wala lina ugonjwa gani. Akanipa globu mbili nyeupe zilizofungwa kwenye karatasi ya nailoni, akasema hizo ndizo za kisasa. Nikazifunga mwenyewe. Nuru ikapanda juu ya miti ikawasumbua popo, barabara ikabaki vilevile. Nawadharau sana watu wa taa nyeupe. Mtu anakuja mbele yako anakupofusha, halafu yeye mwenyewe haoni shimo lililo mita kumi kutoka kwenye bampa lake. Na hao wa bodaboda wenye taa nyekundu, kijani na zambarau kama ukumbi wa harusi, hao hata kuwadharau ni kuwapa heshima. Nilizing'oa globu zile siku ya pili nikazitupa chooni.

Basi ikanibidi niende kwa adui yangu.

Adui yangu ni fundi umeme wa magari, Mzaramo aliyekuja Tabora na kazi za reli akasahau kurudi kwao. Karakana yake inatazamana na ukuta wa ghala la zamani la tumbaku. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo sisi ni watani, na utani wetu umeitangulia reli yenyewe. Babu zetu walipoteremka pwani na mizigo kichwani, babu zake waliwapokea, wakawacheka, wakawalisha, na waliokufa wakawazika. Nimemzidi miaka zaidi ya kumi, lakini tangu tujuane sijawahi kupata shikamoo yake. Jina langu kwake ni Mpagazi.

"Mpagazi, bado hujafa?" akaniuliza siku ile, hata sijazima injini.

"Nakusubiri utangulie. Nimeshanunua bakuli la kulia ubwabwa wa msiba wako."

Akafungua boneti. Akaguna, akaita mafundi wenzake waje waone maajabu. Kwenye Landrova yangu umeme wote wa taa kubwa ulitoka kwenye betri, ukapanda mpaka swichi ya kwenye usukani, ndipo ukashuka kwenda kwenye taa, njia yote hiyo kwa waya mwembamba wa miaka mingi, ulioungwaungwa na kuzungushiwa tepu na kila mwongo aliyewahi kujiita fundi. Akaweka mita kwenye taa. Ikasoma volti tisa na nukta.

"Umeona?" akasema. "Umeme wako umekufuata wewe. Unatoka hapa kwenda Bagamoyo, lakini kwa ushamba unapitia Kigoma kwanza. Ukifika umeshachoka."

Nilifurahi, sifichi. Nilimpigia mke wangu simu palepale, nikamwambia volti tisa badala ya kumi na mbili, na kama hajui maana yake amuulize muuguzi wake. Kisha nikamwambia fundi la kufanya, maana sikuwa mgeni wa umeme: aweke rilei mbili, zile swichi zinazowashwa kwa umeme, avute waya mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye taa, na fyuzi njiani. Swichi ibaki na kazi ya kutoa amri tu. Akanijibu kwamba yeye alikuwa anafunga rilei wakati mimi nalala na mbuzi. Hilo lilikuwa jibu la kawaida.

Kazi ilichukua siku mbili, na nilikaa pale siku zote mbili kwenye tairi bovu nikimsimamia. Lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: ilikuwa kazi safi. Kila waya aliupitisha ndani ya bomba, akaufunga mbali na injini. Waya wa kurudishia umeme kwenye bodi ya gari aliukuta umefungwa juu ya kutu. Akaikwangua mpaka chuma kikang'aa, akaufunga upya na kuupaka grisi. Alipokuwa akifanya hayo alinieleza kwamba Wanyamwezi walipewa vichwa kwa ajili ya mizigo tu, na ndani hamkuwekwa kitu. Nami nikamweleza kwamba babu yake alikaa chini ya mnazi wake maisha yake yote akisubiri babu yangu amletee kazi. Sijui siku nyingine nilizofurahi namna ile tangu nistaafu.

Siku ya pili jioni, saa moja kasoro, akaisogeza Landrova mpaka ikatazamana na ukuta wa ghala, akawasha taa kubwa. Mita ikasoma kumi na mbili na ushee. Mafundi wawili waliokuwa wakifunga vifaa vyao wakapiga mluzi.

"Haya, Mpagazi. Soma."

"Nisome nini?"

"Ukutani."

Nikatazama. Niliona mianga miwili mikubwa, na kila mmoja una duara la ukungu kama moshi wa kuni mbichi. Nikamwambia naona moshi tu, ukuta ni mtupu na taa zake bado hafifu. Nikaongeza kwamba nimejua tangu mwanzo kuwa mtu wa pwani hawezi kazi ya bara.

Fundi akaunyoshea ukuta kidole. Mmoja wa wale wawili akajifanya anatafuta spana. Ikanibidi niusogelee ukuta. Nilitembea mpaka nikabakiwa na hatua nne au tano, ndipo maandishi yakajitokeza, rangi nyekundu, kila herufi ndefu kama mkono wangu: USIKOJOE HAPA. Rangi ilikuwa bado mpya. Wenye ghala walikuwa wameyaandika juma lile.

Nikarudi kwenye gari nikasubiri tusi langu. Mtani akiokota zawadi kama ile anaila miaka. Ningekuwa mimi, ningemwita kila mtu kuanzia stesheni mpaka sokoni aje kumwona mpima ardhi asiyeuona ukuta. Yeye akazima taa. Akafuta mikono kwa kitambaa kile chake cha mafuta, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Huo moshi unaouona," akasema, "umeanza lini?"

"Masika."

"Pole, mzee wangu."

Mzee wangu! Tangu tujuane hakuwahi kuniita hivyo. Nikamwambia anyamaze. Nikamwita mla nazi, kibaraka wa reli, mjukuu wa mtu aliyekuwa akiwavua maiti wa watu sanda. Nilimtupia kila tusi nililolirithi na mengine nikayatunga hapohapo, nikimsubiri anirudishie hata moja. Alisimama akinisikiliza, ameinamisha kichwa kama anayesomewa wosia.

"Umefunga nyaya mbovu," nikasema mwisho. "Umenidanganya. Kazi yako ni mbovu."

"Inawezekana, mzee wangu," akasema. "Nitaziangalia tena kesho."

Zile nyaya hazikuwa mbovu, na sisi sote wawili tulijua. Mtu yule amewahi kurushiana ngumi na dereva wa lori kwa sababu tu aliambiwa fyuzi yake imelegea. Angeshikiwa panga shingoni asingekubali kwamba kazi yake ina kasoro, na sasa alikuwa anaikubali mbele ya wenzake, ili mimi nipate mahali pa kusimama. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikatoa ufunguo mfukoni nikamwekea kiganjani. Akazunguka upande wa pili, akanifungulia mlango wa abiria, akanishika kiwiko wakati napanda. Nikamwacha anishike.